Orodha Yetu Iko Mikononi mwa Mshindani

Ndugu Mshauri,

Nakuandikia kutoka Mbinga, ambako mimi ni katibu meneja wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, ya kahawa. Kwa misimu kadhaa tumekuwa tukiandika kwenye faili kila kitu kuhusu wanachama wetu: nukta za GPS za mashamba, idadi ya miti, kilo za kahawa mbivu ambazo kila mmoja ameleta kituoni, deni lake la pembejeo na namba yake ya simu. Humo humo kuna kumbukumbu za kituo chetu cha kuchakata: kila fungu tulilivundika saa ngapi, tulilianika siku ngapi, na waonjaji walilipatia alama ngapi. Kazi hiyo ndiyo iliyotuinua, maana tulianza kujua fungu lipi limetupa bei nzuri na kwa nini.

Msimu uliopita kampuni inayonunua kahawa yetu kwa mauzo ya moja kwa moja ilituambia kwamba Ulaya wametunga sheria ya misitu, na bila nukta za mashamba kahawa haitaingia huko. Wakamtuma afisa wao wa shambani. Nikampa faili lote kwa WhatsApp, kwa sababu lilikuwa faili moja na sikuona ubaya. Hatukuandikiana chochote.

Sasa afisa huyo ameacha kazi pale na yuko kwa mnunuzi mwingine. Wanachama wetu wanapigiwa simu kwa majina. Mpigaji anajua nani ana miti mingi na nani anadaiwa. Wapo ambao wameshachukua fedha za magoma, yaani wameuza kahawa ingali juu ya mti. Nasikia pia kituo cha jirani kimeanza kuvundika kwa utaratibu wetu kabisa.

Bodi inasema nimeuza siri za chama. Mwenyekiti anataka kuanzia msimu ujao tusimpe mtu yeyote taarifa yoyote. Mimi silali. Je, sheria inatulinda, au kwa kuwa faili nililitoa mwenyewe basi yamekwisha?

Katibu, Mbinga

Ndugu Katibu,

Hayajaisha. Naona barua yako imebeba hofu kwamba siri ikishafika kwa mtu wa pili haiwi siri tena. Katika biashara si hivyo. Siri nyingi za biashara huishi kwa kugawanwa: mwenye mbegu humpa mkulima wa mkataba aizalishe, mwenye kiwanda humwonyesha fundi mtambo wake. Kinachoiua ni kuitoa ovyo, anayepokea asijue amepewa kwa kazi gani na mpaka wake uko wapi. Ninyi na kampuni hamkuandikiana, na hilo litawasumbua. Lakini faili lilitoka kwa sababu moja iliyosemwa waziwazi, yaani sheria ya misitu ya Ulaya. Ishikeni sababu hiyo msiiachie.

Kuhusu bodi, hukuuza siri. Ulijibu ombi la mnunuzi wa chama, katika chama ambacho hakikuwa na utaratibu wowote wa nani atoe nini na kwa nani. Kuupitisha utaratibu huo ilikuwa kazi ya bodi. Waambie hivyo kwa heshima, kisha uwaambie pia kwamba faili zima halikupaswa kutoka. Yote mawili ni kweli, na mkutano utatulia ukiyasikia yote mawili kutoka kwako.

Sasa sheria. Tanzania Bara haina sheria moja inayojitegemea ya siri za biashara, kama Uganda ilivyo nayo tangu 2009. Ulinzi wetu unatoka kwanza kwenye mkataba. Usipokuwepo, tunarudi kwenye kanuni za Uingereza tulizozirithi kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, ambazo mahakama zetu huzitumia pale sheria zetu zilipokaa kimya. Kipimo kinachojulikana duniani kimo katika ibara ya 39 ya mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani: taarifa isiwe inajulikana au kupatikana kirahisi kwa watu wa fani hiyo, iwe na thamani ya kibiashara kwa sababu ni siri, na mwenye nayo awe amechukua hatua za kuridhisha kuilinda. Nchi zenye maendeleo duni, yetu ikiwamo, zimepewa hadi Julai 2034 kuutekeleza mkataba huo, lakini hakuna kinachokuzuia kukitumia kipimo hicho leo usiku ukiwa na faili lako mbele yako.

Lifungue basi. Kama umeandika humo bei za mnada, ziweke kando, kila anayefuatilia mnada anazijua. Idadi ya miti ya mzee mmoja nayo si siri, jirani anaiona akipita. Lakini jedwali linaloweka miti, kilo za misimu yote, deni na simu ya kila mwanachama kwenye mstari mmoja halionekani kutoka barabarani. Ibara ile ya 39 inakubali kwamba taarifa inaweza kuwa siri kwa namna ilivyokusanywa na kupangwa, hata kama kipande kimoja kimoja kinajulikana. Thamani yenu iko hapo, kwenye mkusanyiko.

Saa za kuvundika zinahitaji uangalifu zaidi. Kama mnafuata yale yanayofundishwa na maafisa ugani na watafiti wa TaCRI, taasisi yetu ya utafiti wa kahawa, hakuna siri, na ni vizuri isiwepo. Wamatengo wamelima kwa mashimo ya ngoro kwenye miteremko yenu vizazi na vizazi, na hakuna ukoo uliodai ngoro ni mali yake. Ujuzi wa namna hiyo ni wa watu wote na uendelee kuwa hivyo. Lakini kama mmegundua wenyewe, kwa kulinganisha kumbukumbu zenu na alama za waonjaji, kwamba kwa maji yenu na baridi yenu saa fulani ndizo zinazoleta ladha fulani, hiyo ni kazi yenu, na mnayo haki ya kuiita siri. Tatizo ni ushahidi. Kituo cha jirani kinaweza kuwa kimeajiri kibarua aliyefanya kazi kwenu. Jambo hilo liache kwanza, usilipeleke mbele kabla ya lile la orodha.

Zipo kesi mbili za Uingereza ambazo ningependa wakili wenu azisome, na zote ni za biashara ya ndege. Ya kwanza ni Robb dhidi ya Green, ya 1895. Robb aliuza ndege wa kuwindwa na mayai yao. Meneja wake, Green, alinakili kimyakimya majina na anwani za wateja kutoka kwenye daftari la oda, akaacha kazi, akafungua biashara yake na kuwafuata wateja wale wale. Mahakama ya Rufani ilisema mfanyakazi ana wajibu wa uaminifu hata kama mkataba haukuutaja, na Green akashindwa. Angalia mwaka wake: ni kabla ya 1920, kwa hiyo iko ndani kabisa ya urithi niliokutajia.

Ya pili ni ya 1986, na kampuni iliitwa Faccenda Chicken. Meneja wake wa mauzo, Fowler, ndiye aliyeanzisha mtindo wa kuuza kuku kwa magari yenye majokofu yanayozunguka kwa wateja. Alipoondoka alianzisha biashara hiyo hiyo katika eneo lile lile, na wafanyakazi kadhaa wakamfuata. Walijua wateja ni nani, njia zipi zinafaa, siku za kupeleka mzigo na bei. Kampuni ilishtaki ikashindwa. Taarifa zile zilikuwa vichwani mwao, kila dereva alizijua, hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba ni siri, na mikataba yao haikuwa na kizuizi chochote cha baada ya ajira.

Swali lako kubwa, ndugu yangu, ni hili: afisa yule ni Green au ni Fowler? Kama anakumbuka njia za vijiji vyenu na nyuso za watu aliotembea nao shambani, hakuna mahakama itakayomfuta kumbukumbu, wala isingekuwa haki. Mtu ana haki ya kuishi kwa ujuzi alioupata kazini. Lakini hakuna anayekariri madeni ya pembejeo ya chama kizima pamoja na namba za simu. Akivijua hivyo, ana faili.

Kulithibitisha hilo si kugumu kama unavyodhani. Kila faili lina makosa yake: jina lililokosewa herufi, deni lililokwisha kulipwa lakini bado limeandikwa, shamba lililoandikwa kwa jina la baba ilhali analima mwana. Pita kwa wanachama waliopigiwa simu na uwaulize waliambiwa nini hasa, neno kwa neno. Mpigaji aliyetaja deni ambalo halipo isipokuwa kwenye faili lenu amekuachia ushahidi wake. Andika tarehe, namba iliyopiga na maneno yaliyosemwa, na mwanachama aweke sahihi. Ujumbe wa WhatsApp uliotuma faili usiufute kwa aibu. Uhifadhi pamoja na ujumbe wa kampuni ulioomba taarifa, kwa sababu huo ndio unaoonyesha faili lilitakiwa kwa kazi gani.

Usianze na afisa. Anza na kampuni aliyokuwa akiifanyia kazi, kwa kuwa faili mliipa kampuni, na yeye alikuwa mkono wake. Mwaka 1968 Jaji Megarry wa Uingereza, katika kesi ya Coco dhidi ya Clark iliyohusu injini ya pikipiki ndogo, aliweka maswali matatu ambayo wanasheria wanayatumia mpaka leo: je, taarifa ina sifa ya siri, je, ilitolewa katika mazingira ambayo mtu mwenye busara angejua anapaswa kuitunza, na je, imetumiwa bila idhini? Karatasi yenye sahihi si moja ya maswali hayo. Kampuni ya kahawa inayoomba nukta za mashamba kwa ajili ya forodha ya Ulaya, ikapewa na madeni ya watu, haiwezi kusema ilidhani madeni yale ni tangazo.

Ndipo aandikiwe mnunuzi mpya. Huenda kweli hajui orodha imetoka wapi. Mkimjulisha kwa barua kwamba ina asili ya siri na kwamba chama hakikuidhinisha matumizi yake, kuanzia siku hiyo hawezi tena kudai hakujua. Barua iwe ya adabu. Msimwite mtu mwizi kwenye mkutano wala redioni, mkageuka ninyi kuwa washtakiwa.

Kuna jambo jingine ambalo bodi yako haijaliona, nalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Simu na deni la mwanachama si mali ya AMCOS kwanza, ni taarifa zake binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azitumie kwa lengo alilozikusanyia na azilinde. Mwanachama aliyepigiwa simu anaweza kulalamika kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na kule hahitaji kuthibitisha siri yoyote ya biashara. Anaweza kumlalamikia mnunuzi mpya, na kampuni ya kwanza, na chama chake pia. Hilo la mwisho ndilo linaloifanya kauli ya "siri za chama zimeuzwa" iwe pungufu. Mama aliyetaja deni lake dirishani kwako alikiambia chama chake, hakuliambia soko. Anastahili kuambiwa na ninyi wenyewe kilichotokea, kabla hajasikia kwa wengine.

Mwenyekiti wako ana uchungu wa haki, lakini kufunga milango yote kutawaumiza. Sheria ya Ulaya ya 2023, ingawa utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, inataka kahawa itoke kwenye ardhi ambayo haikukatwa msitu baada ya 31 Desemba 2020, na inataka ijulikane ililimwa wapi. Chama kisichotoa nukta kitauza kwa asiyeuliza, na kwa kawaida asiyeuliza ndiye anayelipa kidogo. Ninachotaka mwenyekiti akione ni jinsi sheria hiyo inavyohitaji vitu vichache. Shamba lisilozidi hekta 4, na naamini mengi ya wanachama wenu yako hivyo, linatosha kwa nukta moja yenye tarakimu sita baada ya desimali. Usahihi huo unafika takriban sentimita 11, ni mkali ajabu, lakini ni nukta tu. Juu yake kuna kiasi cha kahawa, kipindi cha mavuno, jina na anwani ya aliyeuza, ambaye kwa mnunuzi wenu ni chama, na uthibitisho kwamba ardhi inatumika kihalali. Hakuna mahali inapouliza nani anadaiwa mbolea. Hakuna mahali inapouliza mlivundika saa ngapi. Kampuni ikitaka zaidi ya hayo, iseme kwa nini, na iandike.

Wala hamtakiwi kujenga ngome. Mahakama ya rufani ya Marekani mwaka 1994 ilithibitisha fidia ya dola milioni 46.7 ambayo Holden Foundation Seeds ilitakiwa kuilipa Pioneer Hi-Bred kwa kutumia mbegu mama za mahindi zilizokuwa siri yake. Mahindi yale yalikuwa yakimea mashambani, nje, kwa wakulima wa mkataba, ambako mpita njia angeweza kuchuma gunzi. Walichofanya Pioneer ni mambo ya kawaida: mikataba na wakulima, mifuko yenye alama badala ya majina, mashamba yasiyo na mabango. Mahakama iliona inatosha. Hatua za kuridhisha ni zile ambazo mtu wa uwezo wako angezichukua, na AMCOS yenye kompyuta moja haipimwi kwa kipimo cha benki.

Kwa hiyo likate faili lako kuwa mafaili matatu. La kwanza ni la nukta na kilo, ambalo mnunuzi wa Ulaya atapewa, kila shamba likiwa na namba badala ya jina. Ufunguo wa namba na majina ubaki ofisini. La pili ni la watu: simu, madeni, mikopo, nalo lisitoke kabisa. La tatu ni la kituo, mapishi yenu ya kahawa, lifunguliwe na watu wawili au watatu ambao mkutano mkuu umewataja. Yote yawe na nywila, na yaandikwe juu "Siri ya Chama". Maneno hayo yanaonekana madogo, lakini Faccenda ilikosa hata hayo. Kila nakala inayotoka iwe na alama yake ndogo ya tofauti, ili ikionekana mahali ujue ilitoka kwa nani. Kwenye orodha ya simu ongeza namba moja ya ofisi kwa jina lisilokuwepo. Ikipigwa na mnunuzi msiyemjua, mmejua orodha imetoka. Ujanja huo usiufanye kamwe kwenye nukta za mashamba, kwa sababu zile zinakwenda kwenye tamko la kisheria.

Mkataba wa msimu ujao na mnunuzi useme kwamba taarifa ni kwa ajili ya tamko la misitu pekee, kwamba haitatumika kumfuata mwanachama mmoja mmoja, kwamba wafanyakazi wake wanabanwa hata wakiondoka, kwamba msimu ukiisha inafutwa na uthibitisho unaletwa, na kwamba akikiuka atalipa. Akilalamika, mkumbusheni kwamba huko huko Ulaya vyama vya wakulima na makampuni ya kilimo vilikubaliana mwaka 2018 juu ya mwongozo wa hiari wa kugawana taarifa za mashamba, unaompa anayezizalisha nafasi ya kwanza katika kuamua nani azipate. Mnaomba wanachopewa wakulima wa kwao.

Magoma nayaacha mwisho kwa sababu orodha haikuyaanzisha. Mwanachama mwenye mtoto anayeingia kidato cha kwanza Januari, na kahawa yake bado ni maua au buni changa, atapatikana na mnunuzi wa magoma hata kwa kuulizwa kijiweni. Faili lenu lilirahisisha tu kumfikia. Kama chama hakina namna ya kumpa malipo ya awali au mkopo mdogo wa miezi ile, nywila zote mtakazoweka zitalinda karatasi huku kahawa ikiondoka. Nawasihi pia siri hii isije ikatumika dhidi ya wanachama wenyewe. Kila mmoja aweze kuja ofisini na kuona mstari wake: kilo zake, deni lake, alama za fungu alilochangia. Na akitaka kumwambia mtu mavuno yake mwenyewe, ni yake.

Barua ya kampuni iandike wiki hii, kabla ya mkutano. Iulize mambo manne tu: nani ndani ya kampuni alilifungua faili, nakala ziko wapi, afisa aliondoka na vifaa gani, na lini wataleta uthibitisho wa maandishi kwamba yasiyohusu tamko la misitu yamefutwa. Wape siku 14. Rasimu ya mkataba mpya ipitie kwa wakili na kwa Mrajis Msaidizi wa mkoa kabla kahawa ya kwanza haijaiva. Kampuni ikikujibu, nitumie nakala nione wamekiri nini, ndipo nikushauri kama kuna sababu ya kwenda mahakamani.